Kocha Aliyecheza Kinyumenyume

Kocha hakuingia ukumbini kama watu wengine. Wengine hutazama mapambo, viti, mahali spika zilipowekwa. Yeye alivua viatu mlangoni, akaviweka kando, akaanza kutembea peku kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, akiburuza nyayo kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Akifika mwisho anageuka, anarudi kwa mstari mwingine. Wapambaji walimpisha, baadhi wakidhani anasoma dua. Akishamaliza aliomba ufagio, akafagia mwenyewe, hata kama ukumbi ulikuwa umefagiwa muda huohuo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuvaa patini, nieleze kidogo. Patini ni kiatu chenye magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma. Gurudumu lenyewe ni dogo na gumu. Likikutana na kijiwe cha ukubwa wa punje ya mchele, halirukii upande wa pili. Linasimama. Mguu unasimama nalo, na mwili unaendelea na safari yake.

"Jiwe kubwa utaliona, utalizunguka," Kocha aliniambia siku za mwanzo, kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "ndiyo" na "ndiko" huwa "njo". "Kale kadogo njo katakuvunja meno."

Mchezo wake ulikuwa dansi ya wawili, mwanamume na mwanamke, juu ya patini. Kwenye nchi za baridi dansi hiyo huchezwa juu ya barafu, kwa viatu vyenye chuma chembamba chini. Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, hakukuwa na barafu isipokuwa ile ya vinywaji, lakini kulikuwa na kiwanja cha simenti karibu na ziwa, na mwalimu mmoja Mbelgiji ambaye ujanani alicheza kwenye barafu. Mwalimu huyo aliwafundisha vijana sheria za barafu, nao wakazifuata juu ya simenti. Kocha na mwenzake wa kwanza walishinda Uvira, wakavuka mpaka wakashinda Bujumbura, wakaendelea kushinda mpaka wengine wakachoka kujiandikisha. Haya nilisimuliwa na watu wazima wa Uvira tunaoishi nao hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Yeye ukimuuliza alijibu tu, "Tulikuwa tunacheza muzuri."

Watoto wa kambini walimwita Papa Patini. Mimi nilimwita Kocha, ingawa siku ya kwanza hakuja kunifundisha kitu. Nilikuwa barazani kwangu karibu na soko, nashona, nikamwona mtu mrefu mwenye mvi amesimama na kiatu kimoja mkononi.

"Maman, unaweza kunigawia mafuta ya cherehani? Tone tu."

"Cherehani yako ni ya aina gani, papa?"

"Sina cherehani. Ni ya mguu."

Akageuza kiatu, akazungusha gurudumu kwa kidole, akaliweka karibu na sikio. "Unasikia? Inalia." Mimi sikusikia chochote. Nikampa mafuta, akatia tone moja, akazungusha tena, uso ukalegea kama wa mama aliyesikia mtoto ameacha kukohoa.

Akawa anakuja kila wiki. Mafuta yalichukua dakika moja, lakini alikaa muda mrefu, akitazama chini ya meza yangu. Nilianza kuona vibaya. Siku moja nikamuuliza anaangalia nini.

"Miguu yako," akasema, bila aibu. "Angalia vile unakanyaga hiyo cherehani. Wa kuume haupiganaki na wa kushoto. Hiyo kitu haifundishwi. Kuya unichezee."

Nilicheka. Eti nije nicheze naye! Nilikuwa na watoto wawili na nguo za watu za kumaliza. Lakini mtu akikuambia kwamba una kitu ambacho hakifundishwi, huwezi kulala vizuri. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimeshika nguzo, nimevaa patini zilizokuwa za mwenzake, zimejazwa matambara mbele ili zinienee.

Tulifanyia mazoezi kwenye simenti ya kanisa letu. Waumini walikuwa wamemwaga sakafu, kisha fedha za kuta zikakawia, sakafu ikabaki wazi juani. Mchungaji alitupa kibali siku za kazi. Saa ya swala ikifika Kocha alivua patini, akatawadha kwa maji ya chupa, akaswali pembeni mwa simenti ya Wakristo, kisha akarudi kunikaripia. Mke wake, Mama Zaina, alikuwepo kila zoezi. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akichambua maharage. Hakuwa akinilinda mimi wala kumlinda yeye. Alikuja ili watu wasipate la kusema.

Mama Zaina alizichukia patini zile kwa sababu moja anayoijua kila aliyewahi kuketi naye. Siku walipokimbia, kila mmoja alishika alichoweza kubeba. Yeye alimshika mtoto na blanketi, akaamini mume wake amechukua sufuria. Walipofika upande wa Tanzania, mume akafungua gunia.

"Magurudumu," alikuwa akisimulia. "Mi nauliza, tutapika nini humu? Ananiambia, hizi haziuzwi huku. Sasa sufuria zinauzwa, si ndiyo? Tulikula viazi vya kuchoma mpaka mdomo ukawa mweusi."

"Lakini ulikula," Kocha aliongeza kila mara, kutoka katikati ya simenti.

Nataka nieleze jambo moja ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulielewa. Bingwa na mtumbuizaji si mtu mmoja. Kwenye mashindano ya dansi ya wawili, majaji wanataka usafi. Mikono isiachane muda mrefu. Miguu iandike mstari mmoja. Mwanamume asimnyanyue mwanamke juu ya mabega yake, maana hapo mnaacha dansi, mnaanza sarakasi. Kocha alikuwa bingwa wa usafi huo. Kisha vita vikafunga mashindano, mwenzake akaolewa mbali, na hoteli moja ya Bujumbura ikamwajiri awatumbuize wateja wakati wa chakula. Jioni ya kwanza, na binti mwingine, alicheza ile dansi yake ya ushindi, safi kabisa. Watu waliendelea kula. Jioni ya pili, kwa hasira, alimnyanyua yule binti juu ya kichwa chake akazunguka naye. Uma zote zikasimama.

"Njo siku nilijua mi si bingwa tena," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja msiba.

Hata hivyo hakuna aliyekuwa hodari wa kunyanyua kuliko yeye. Alinifundisha kitendo hicho kwa dharau, akikiita "ile mambo ya hoteli", na kila tulipoalikwa mahali alikuwa wa kwanza kuuliza, "Utapanda mara ngapi?" Kupanda ndilo neno tulilotumia. Anakunja magoti, mikono yake inashika kiuno changu, mimi naruka kidogo, yeye anamalizia, na ghafla niko juu, nimenyoosha mgongo, natazama vichwa vya watu. Ukiwa kule juu huna kazi yoyote isipokuwa kumwamini aliye chini.

Tulipomaliza kucheza, aliinamisha kichwa kwanza kuelekea kona moja tupu, ndipo akawageukia watu. Nilimuuliza sababu.

"Pale banakaaka bajuji."

"Hakuna majaji, Papa."

"Najua. Lakini kama bangekuwako."

Sifa zake zilikuwa za kupimwa kwa kijiko cha chai. Ukicheza vizuri sana alisema, "Haikuwa mubaya." Mwezi wa Ramadhani hakucheza popote, hata aitwe na nani. Alidanganya umri wake kwa kila mtu, na uongo wenyewe haukufanana mara mbili. Riziki yake ya kila siku ilikuwa viatu vya kaunjika, ndivyo wanavyoita mitumba huku Malawi. Alivitandaza kwenye turubai sokoni, na aliposhika kiatu alipitisha kidole gumba kwenye soli akakuambia habari za mwenye nacho wa kwanza. "Huyu alikuwa anaegemea upande wa kushoto." Kama kiatu kingekuumiza hakukuuzia, hata umwombe. Mteja mmoja aligombana naye kutwa nzima kwa ajili ya raba nyekundu, mwisho akaondoka ameuziwa ndala.

Siku moja kijana mmoja alimwonyesha kwenye simu watu wanaocheza dansi ya barafu. Kocha aliishika simu karibu kabisa na pua, karibu ailambe. Akatazama kimya mpaka mwisho, akaomba irudiwe.

"Banateleza tu," akasema. "Haiko jiwe kule. Hawa bantu hawajue woga." Kisha akaninyooshea simu. "Angalia mkono ya yule mama mgongoni mwa bwana. Unaona kidole? Anamuambia kitu."

Mimi niliona kidole. Nilichopaswa kuona ni ile simu iliyogusa pua yake.

Alama nyingine zilikuja mojamoja, kila moja na kisingizio chake. Mrundi mmoja jirani alirudi sokoni na jozi aliyouziwa, kimoja cheusi, kingine kahawia iliyokolea.

"Papa Patini, hivi viatu havijuani. Umenipa vya wapita njia."

"Vaa hivyohivyo," Kocha akamjibu. "Watasema umetoka Ulaya."

Watu wakacheka, akabadilisha, jambo likaisha. Kisha akabadilisha dansi yetu yote. Zamani tulipokezana, mara yeye anatangulia mbele, mara mimi. Sasa akaamua kwamba yeye atakwenda kinyumenyume mwanzo hadi mwisho, na mimi nitakwenda mbele nikimtazama. "Bantu bamekuja kuangalia mama," alisema. "Mgongo wangu bataona nini?" Watu walishangaa sana. Mwanamume mzima anazunguka ukumbi kwa mgongo bila kugeuza shingo, hagongi kitu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini hageuzi shingo.

Ukweli niliujua kwa sababu ya ndoo. Mama Zaina alikuwa amekwenda kusalimia mtu, akaiacha ile ndoo yake ya njano katikati ya simenti, jua likiwa utosini. Kocha alikuwa anapasha miguu peke yake, kwenda mbele. Aliiendea ndoo moja kwa moja, bila kupunguza mwendo, kama haipo. Alianguka vibaya. Nilipomfikia alikuwa ameketi, anafuta damu kwenye muundi.

"Nani aliweka kitu hapa?"

"Papa, mimi nimevaa rangi gani leo?"

 Nikaketi chini karibu naye.

"Ni kama moshi," akasema. "Zamani ulikuwa pembeni. Sasa unakuja katikati."

"Mama Zaina anajua?"

"Hapana. Akijua, hizi patini zitauzwa na viatu vya kaunjika. Na hizi njo kitu kimebaki, mwana yangu. Usimuambie."

 Nilimwambia kwamba habari za macho yake ni neno lake, si langu, nami sitalibeba kwenda kwa mke wake. Lakini na mimi nilikuwa na langu. Watoto wangu hawana mwingine wa kuwashonea maisha. "Chini nitacheza na wewe," nikasema. "Nitakuwa macho yako. Juu sipandi tena mpaka umwambie mkeo."

Alikubali. Sasa nikijua, nilimwongoza kwa kidole gumba, kama yule mama wa barafuni. Nikibonyeza bega lake la kushoto, tunakata kushoto. Nikikaza mkono wote, tunapunguza. Kwa mtazamaji yeye ndiye aliyeniongoza. Nakuambia bila kujisifu, hatukuwahi kucheza vizuri kama miezi ile.

Shida ni kwamba familia moja ilikuwa imetuona kwenye tamasha la kambini kabla ya hapo. Binti yao alikuwa anaolewa na Mmalawi wa Chinsapo, na sherehe ingefanyika kwenye ukumbi mmoja wa Kawale, mjini Lilongwe. Walitaka dansi yetu, na walitaka hasa ile sehemu ya mimi kwenda juu. Kocha aliwaahidi bila kuniuliza.

"Umemwambia?" nilimuuliza kila jioni.

"Leo nitamuambia."

"Umemwambia?"

"Alikuwa na hasira leo. Kesho."

Siku ya harusi tulipanda minibasi watu watatu, mimi, yeye na Mama Zaina, na karatasi zetu za ruhusa ya kutoka kambini. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alifungua begi, akatoa patini, akaigeuza.

"Hiki nini?"

"Kiatu, bwana," Kocha akajibu kwa Chichewa chake cha sokoni.

"Kiatu kinachokwenda chenyewe? Huyu mzee atafika Lilongwe kabla yetu." Gari zima likacheka, akaturudishia begi. Kocha alicheka pia, lakini niliona mikono yake ilivyokuwa inatafuta zipu ya begi bila kuipata. Mama Zaina alimfungia. Alikuwa anatazama dirishani.

Ukumbini Kocha alivua viatu akaanza kutembea, kama kawaida yake. Sasa nilielewa kwamba zamani alitafuta vijiwe, na siku hizi alikuwa anakariri. Nguzo iko wapi, jukwaa linaanzia wapi, vigae vinabadilika wapi.

Wakati huo mimi nilikwenda kwa mshereheshaji. Kama hujawahi kuhudhuria harusi ya huku, jua kwamba kuna kitu wanachokiita perekani, yaani toeni. Maarusi wanasimama, muziki unapigwa, watu wanakwenda wakicheza na kuwamwagia noti, moja moja, kutoka juu, nazo zinaanguka chini kama majani. Ni desturi nzuri, inawaanzishia vijana maisha. Lakini karatasi juu ya kigae, chini ya gurudumu, ni kama sabuni. Nilimweleza mshereheshaji, Mkongomani aliyekulia Kawale, akaelewa vizuri, akatangaza kwa Chichewa na Kiswahili kwamba wakati wa dansi ya patini hakuna perekani mpaka tutoke.

Nilimkuta Kocha kwenye chumba cha nyuma anafunga kamba za patini.

"Umemwambia?"

Akaendelea kufunga. "Tukirudi nyumbani."

"Basi leo sipandi."

"Tuliahidi bantu."

"Wewe ndiye uliyeahidi, Papa."

Akainua uso, akatazama kidogo pembeni ya uso wangu. "Utapanda," akasema kwa upole. "Musiki ikifika pale, mwili yako itapanda yenyewe. Nilikufundisha muzuri."

Jambo hilo liliniogopesha kuliko kitu kingine chochote siku ile, kwa sababu lilikuwa kweli. Mwili uliofundishwa hauombi ruhusa.

Tulianza vizuri. Vigae vilikuwa laini kuliko simenti yetu, magurudumu yakanyamaza, nikasikia watu wakivuta pumzi alipoanza kwenda kinyumenyume. Kidole changu kilisema kushoto, tukakata kushoto. Tulipita nguzo kwa nafasi ya kiganja. Tukaufikia upande wa maarusi.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na siwezi kumlaumu mtu. Bibi harusi alifurahi, akainuka kwenye kiti chake ili aone vizuri. Mumewe akainuka naye. Sasa mashangazi wa bwana harusi, waliokaa meza ya mbele, walisikia muziki unalia na wakaona maarusi wamesimama. Kwao maarusi wakisimama na muziki unalia, unatoa. Hakuna tangazo linaloshinda mwili uliozoea hivyo maisha yote. Wakaja wakicheza, mikono juu, noti zikaanza kuanguka, na feni zikazisambaza nyuma ya mgongo wa Kocha.

Muziki ulifika pale. Akakunja magoti. Mikono yake ikashika kiuno changu, na nilihisi visigino vyangu vinakuwa vyepesi, mwili unaanza kwenda wenyewe, kama alivyosema.

Niliukalia. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Niliuteremsha uzito wangu wote chini kama gunia, nikakaza mikono yote miwili mabegani kwake. Tulipunguza, tukasimama.

"Kuna nini?" akauliza bila kufungua mdomo.

"Noti, Papa. Ziko chini."

"Wapi?"

"Nyuma yako. Kote."

"Tuzunguke."

"Hakuna pa kuzungukia."

Muziki uliendelea. Kusimama tuli juu ya patini ni kazi kuliko kwenda.

"Bingwa amesahau hesabu," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, akijaribu kuokoa hali. Watu wakacheka. Mjomba mmoja wa upande wa bibi harusi akapaza sauti, "Mubebe, papa. Kama hauwezi, mi nakuja kumubeba." Wakacheka zaidi.

Kocha alijaribu tena. Nasema ukweli. Mikono yake ilirudi kiunoni kwangu, magoti yakakunjika, na mimi nikatikisa kichwa, nikakumbuka kwamba haoni kichwa changu.

"Sipandi," nikasema.

Alikaa hivyohivyo, magoti yamekunjwa nusu, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha akanyooka. Akageuza uso kuelekea mlangoni, mahali alipokuwa amekariri kwamba mke wake ameketi.

"Mama Zaina," akaita. "Kuya unitoe hapa. Mi sioni."

Waliojua Kiswahili walinyamaza. Wasiojua waliendelea kutoa, noti mbili zikamwangukia begani akadhani ni mkono wa mtu, akageuka. Mama Zaina aliweka begi chini. Alikuja kwenye vigae na sandali zake za plastiki, bila haraka, akisukuma noti pembeni kwa mguu kama mtu anayefukuza kuku. Hakumshika mkono. Alimshika kiwiko.

"Tangu lini?"

"Zamani kidogo."

Akanigeukia. "Na weye ulijua."

"Nilijua, Mama. Nilimwambia akwambie."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeweka kitu kabatini kwa ajili ya siku nyingine. "Inua mguu," akamwambia mumewe. "Kuna ngazi."

Tulitoka hivyo, watatu tumeshikana, patini zikigonga vigae. Nyuma yetu ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Walidhani ni kichekesho, mke kaja kuninyang'anya mume wake. Yalikuwa makofi makubwa kuliko yote tuliyowahi kupata Lilongwe.

"Banapigia nini?" Kocha akauliza.

"Wewe," nikamjibu.

"Kwa kutoka?"

Hakungoja jibu. Aliketi kwenye ngazi za nyuma, akanyoosha miguu, na Mama Zaina akapiga magoti kumfungua kamba. Patini zote mbili akazitia ndani ya begi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama unavyoweza kudhani. Daktari mjini alimpima, akasema ni shinikizo ndani ya jicho, la siku nyingi. Kilichopotea hakitarudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, mradi asiiache. Mama Zaina ndiye aliyekuwa akimtia. Patini zilifungiwa kwenye sanduku la bati. Hakuziuza. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu. Kwa muda mrefu Mama Zaina alinisalimia kwa midomo tu, mpaka siku alipoleta kitenge kipunguzwe, akaketi na kusema bila utangulizi, "Kukataa kupanda ulifanya vizuri. Lakini ile miezi yote, mi nachambua maharage pale pembeni kama mpumbavu."

"Nisamehe kwa ile miezi, Mama," nikasema. Tukazungumza urefu wa kitenge.

Mwaka jana, wakati wa baridi, upepo wa Dowa, wilaya yetu, ukiingia mpaka kwenye mifupa, Mama Zaina alikuja tena barazani. Safari hii alikuwa amebeba lile begi.

"Funga kazi. Wiki ijayo banapandisha ukuta za kanisa. Ile simenti yenu ya kuchezea inaisha."

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Yeye hajasema kitu. Mi njo nasema."

Kocha alikuwa amesimama kwenye simenti, peku, koti limemzidi. Matofali yalikuwa yamepangwa pande tatu. Alikuwa amezeeka kwa haraka, lakini nilipomfungia kamba miguu yake iliyajua magurudumu, akaondoka taratibu kinyumenyume, nami nikamfuata mbele. Mama Zaina alisimama pembeni akipaza sauti ileile ya kuitia watoto. "Kushoto kuna matofali. Sasa wazi. Wazi. Rudi katikati." Sikuhitaji kidole gumba. Hatukuwa na muziki, ila watu wawili watatu waliotoka bombani wakasimama na ndoo zao.

Tulipofika katikati akapunguza, akawa anazunguka palepale.

"Utapanda?" akauliza. Hakuikunja miguu. Alingoja.

Nikamtazama mke wake.

"Usiniangalie mi," Mama Zaina akasema. "Ameniambia yote, hata ya hoteli. Hiyo ni yenu."

Niliwafikiria watoto wangu. Niliifikiria simenti, ambayo haina huruma. Kisha nikaweka mikono mabegani kwake, akakunja magoti, nikaruka.

 Alizunguka polepole, mahali pamoja, nami juu nimenyoosha mgongo, upepo unanipiga usoni.

"Unaona nini?" akauliza kutoka chini.

Kulikuwa na mabati mpaka mbali, moshi wa jikoni, baiskeli ya kabaza inapanda mlima na mzigo wa kuni. Lakini aliyekuwa mbele yangu tulipozunguka zamu ile alikuwa mke wake.

"Namwona Mama Zaina," nikasema. "Amefunga macho."

Kicheko chake nilikihisi kwanza kwenye mikono yake, kiunoni kwangu, kabla sijakisikia.

"Muambie afungue."

Nikamwambia. Hakufungua mpaka miguu yangu ilipogusa simenti.